Neoni Haitaki Kijani

Jumatatu, 9 Juni
Urvish wa vitenge, jirani yangu ng'ambo ya barabara, kawasha taa ya neoni. Nyekundu! Wateja wanamiminika kwake kama kumbikumbi. Na Bi Kuruthumu, mwenye jengo, anapita Jumamosi jioni: duka litakalomvutia ndilo litakalopewa fremu ya kona. Kona ni yangu. Mapazia yangu yanaistahili. Nimeagiza neoni na mimi. Ya kijani.

Jumanne, 10 Juni
Imewaka nyekundu! Nimemfokea fundi. Mke wangu Nice, mwalimu wa fizikia, kasema fundi hana kosa. Eti atomu ikimeza nguvu ya umeme huitema kama mwanga, na kila atomu ina rangi zake. Ya neoni ni nyekundu, haibembelezeki. Nimemjibu kwamba mwenye duka ni mimi. Atomu haiwezi kunipangia!

Jumatano, 11 Juni
Nimeupaka mrija wa taa rangi ya kijani. Nikawasha. Giza! Nice kacheka hadi kashika ukuta. Kumbe rangi ya kijani inameza mwanga mwekundu, na neoni haina kijani cha maana cha kupitisha. Urvish kaja kunipa pole. Pole yenye tabasamu. Sijaipokea.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemwuliza Nice, kwa upole mkubwa, ni kitu gani basi hutoa mwanga wa kijani. Shaba motoni, kasema. Kisha: "Usithubutu, Elisaria!" Hilo la mwisho sikulisikia vizuri. Nimenunua mrututu duka la pembejeo. Una shaba ndani.

Jumamosi, 14 Juni
Jioni. Jiko la mkaa mlangoni, mrututu juu yake. Moto wa kijani! Kijani kama jani la mgomba! Mtaa mzima ukasimama. Bi Kuruthumu akasimama. Nikainua mikono kuwasalimu. Upepo nao ukainua pazia la maonyesho.
Pazia likawaka njano. Wote waliona.
Urvish kavuka mbio na ndoo, kauzima moto, kanilowesha na mimi. Bi Kuruthumu akauliza, "Huyu ndiye nimpe kona?" Kona kapewa Urvish.

Jumapili, 15 Juni
Nice kaficha kiberiti. Urvish kaniletea chai ya tangawizi. Nimeinywa kwa dharau. Nimetafakari sana. Moto haukuwa kosa. Kosa ni rangi. Kitabu cha Nice kinasema potasiamu huwaka zambarau. Zambarau! Na duka la pembejeo wana mbolea ya potashi, magunia kwa magunia. Mapazia nitayasogeza. Kidogo.