Profesa Kifua na Vyuma vya Shemeji

Siku Profesa Kifua alipomwona mume wa fundi cherehani akitua kupumzika kwenye ngazi, naye kabeba mkate tu, alijua riziki imejileta yenyewe.

Mchana huohuo akapiga hodi kwao, ghorofa ya nne, na mikoba miwili. Mmoja ulikuwa na dambeli za mazoezi za chuma halisi, mali ya kaka wa mkewe, baunsa asiyejua mzaha, aliyekuwa amelala baada ya zamu bila kujua zimetoka. Wa pili ulikuwa na makopo ya mchanga yaliyopakwa rangi nyeusi. Mteja hupima za kwanza, hulazwa kifudifudi apige pushapu, akiinuka anabaki na za pili. Kazi safi, jasho lote la mteja.

"Mzee, mashine za nini? Anayeanza nyumbani anahitaji jozi nyepesi, jozi nzito na mkeka. Basi."

Fundi akazipima mkononi. "Pesa hatuna, Profesa. Ila mume wangu kashinda televisheni kazini, na hatuna pa kuiweka." Akafunua boksi. Kioo kilikuwa kipana mno, Profesa akameza mate.

"Haya, mzee alale tuanze somo."

"Huyu haelewi mpaka aone. Mwonyeshe wewe kwanza."

Mwalimu gani hukataa kusifiwa? Profesa akajilaza, akaanza kupanda na kushuka.

"Shingo inakaaje?" mume akauliza.

"Chini. Macho sakafuni, usigeuke."

"Na pumzi?"

Maswali ya mzee yule hayakuisha, na Profesa aliyajibu yote kwa raha.

Alipoinuka akihema, boksi lilikuwa limefungwa utepe barabara, na fundi alikuwa ameukalia mkoba wa chuma. Kumwinua mke wa mtu ingekuwa kukosa adabu. Potelea mbali, akawaza. Televisheni hii itanunua vyuma mara tatu. Akajitwisha boksi, akashuka mgongo umepinda.

Nyumbani alimkuta shemeji ameshaamka, ameketi sebuleni.

"Vyuma vyangu viko wapi?"

"Tulia, shemeji. Nimekuletea kitu kitakachokusahaulisha vyuma."

Akakata utepe. Ndani mlikuwa na matofali, yamefungwa vizuri kwa mabaki ya vitambaa yasigongane. Profesa aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa polisi.

Shemeji akavua saa, akaiweka mezani taratibu. Mke wa Profesa akaenda kufunga dirisha, majirani wasisumbuke.