Kuzunguka Musira na Wakwe

Jumatatu, 3 Agosti 1936. Nshambya.

Nimepata njia! Mzee Ishengoma wa Nshamba amemrudisha mshenga wangu mara tatu bila jibu. Kokubanza nampenda, naye ananipenda, lakini baba yake anadai hajui mimi ni mtu wa namna gani. Jumamosi atajua. Nimekodi mashua yenye wapiga makasia sita. Tutazunguka kisiwa cha Musira, nami nitasimama mbele nieleze historia ya meli za ziwa letu. Nani mwingine Bukoba nzima anaijua? Kwenye barua ya mwaliko nimeandika "Wewe na nyumba yako", nikatia sahihi: Bartholomayo Lwakatare, Msimamizi wa Safari. Inapendeza mno.

Alhamisi, 6 Agosti.

Rugaibula, karani mwenzangu kwenye stoo ya kahawa, anataka kuja. Amepanda meli hadi Kisumu mara mbili, na hakuna msiba wala arusi asipolisema hilo. Nimemkubalia. Ajionee kwamba kupanda meli si kuijua!

Jioni nilifanya mazoezi migombani. Nilieleza jinsi meli za kwanza zilivyoletwa vipande vipande kutoka pwani, zikaungwa Kisumu. Dada yangu Penina alisikiliza mpaka ndizi zikaungua chunguni. Kisha akasema kuna jambo nimesahau kuhusu wageni. Nikamwambia wageni aniachie mimi.

Jumamosi, 8 Agosti.

Balaa! Nyumba imekuja kweli. Mzee Ishengoma, na nyuma yake mkewe, Ma Clotilda. Mama mkwe wangu mtarajiwa! Mhaya gani anakaa uso kwa uso na mama mkwe? Nchi kavu ningejificha migombani. Ndani ya mashua mtu ajifiche wapi? Yeye akajifunika mwavuli. Mimi nikawapa mgongo, nikalihutubia ziwa saa mbili nzima. Upepo ukachukua kila neno. Rugaibula, ambaye hajaposa kwa mtu, alikaa raha mustarehe karibu na mwavuli akisimulia Kisumu. Nilisikia vicheko. Vilinichoma.

Kushuka kukawa kubaya zaidi. Ili nifike gatini, lazima nipite mbele ya magoti ya mama mkwe. Nikaruka ziwani! Na suti, na tai, na karatasi zangu zote. Maji yalinifika kifuani. Nikapaza sauti kwamba hivi ndivyo abiria walivyoshuka Bukoba kabla ya gati kujengwa. Rugaibula akadakia kwamba abiria walibebwa mabegani. Ni kweli, lakini nani alimuuliza?

Jumanne, 11 Agosti.

Mshenga amerudi. Nimekubaliwa! Nililia kwa furaha mbele yake, sioni aibu kuandika. Mzee Ishengoma anasema habari za meli hakusikia hata neno moja. Ila kijana anayejitosa majini na tai shingoni, ili asimkaribie mama mkwe wake, mzee hana haja ya kumchunguza tena. Nipeleke rubisi, pombe ya ndizi ya posa.

Hiyo ya adabu ni kisingizio tu. Wazee hawapendi kukiri kwamba wamefundishwa na kijana. Kilichomshinda ni historia, na historia nitamwongezea! Arusi yetu itasafiri kwa maji, kutoka Kemondo hadi Bukoba, na hotuba nimeirefusha iwe ya saa nne. Ma Clotilda nimemwandikia kiti cha mbele kabisa, ubavuni pangu, asikose neno.