Tundu la Kwendea Nyota ya Jirani

Jumatatu, 12 Mei

Mwalimu Prosper wa fizikia ametangaza: Ijumaa atachagua mwanafunzi wa kwenda Mbeya kwenye mashindano ya sayansi. Mmoja tu! Mada: namna ya kuifikia nyota ya jirani, ambako hata mwanga husafiri zaidi ya miaka minne kufika. Lazima niwe mimi. Sijawahi kuchaguliwa kwa lolote ila zamu ya choo.

Janeth atatengeneza tanga la kusukumwa na mwanga. Mimi nitalikunja anga lenyewe. Kukunja, kutoboa, kutokea upande wa pili! Janeth ameuliza, we Bupe, Tukuyu hii ya mvua nyota hatuzioni, utajuaje umefika? Wivu.

Jumatano, 14 Mei

Mazoezi nyumbani. Kabatini nimepata kitenge cha bluu chenye vidoti vyeupe. Anga kabisa! Nikakunja, nikapitisha sindano ya kushonea magunia. Nimefika! Nikakunjua. Matundu mawili. Hilo vitabu havisemi.

Kumbe ni sare ya kwaya ya Mama, ilikuwa iende kwa fundi kesho. Tamasha ni Jumapili, na dukani kitenge hicho kimekwisha. Mama hakufoka. Afadhali angefoka. Ameuliza tu, mwanangu, hilo anga lako lisingeweza kuwa gunia?

Alhamisi, 15 Mei

Adhabu: kumsaidia Bibi kupogoa migomba. Nikamweleza habari za nyota, huku nikilia kidogo. Bibi akacheka. Gwe Bupe, akaniita kwa Kinyakyusa, unaona mgomba huu wa jikoni? Yeye Bibi alipoolewa hapa, mgomba ulioanzisha ukoo huu ulikuwa kule uzioni. Mgomba huzaa, hufa, mtoto huchomoza kando. Hatua moja, tena moja. Miaka hamsini sasa umefika jikoni, na ulioanza safari haupo.

Nikaangusha panga. Hiyo ni njia ya tatu kwenye daftari langu la fizikia, ile niliyoiruka! Chombo ambamo watu huzaliwa na kuzeeka, na wajukuu ndio wanaofika.

Ijumaa, 16 Mei

Tanga la Janeth lilimulikwa kwa tochi, halikusogea. Akalipuliza kisirisiri. Mwalimu akamwona.

Mimi nimechora mgomba. Nikaeleza safari yake hadi jikoni, kisha chombo cha wajukuu. Mwalimu Prosper, ambaye kwao ni Mwanza, amesema hakujua kwamba mgomba hutembea. Nimechaguliwa! Janeth amenipa mkono: hongera, mama mgomba. Mwalimu amenisihi nikaeleze hivyo hivyo, nisiongeze kitu.

Jumapili, 18 Mei

Mama ameimba. Fundi aliyaficha matundu kwenye mikunjo ya kiuno, hakuna aliyeona. Nilitokwa na machozi.

Wakati wa mahubiri nimefikiri sana. Mgomba ni mzuri, ila polepole mno. Majaji wa Mbeya watataka kufika wenyewe, si wajukuu zao. Na kosa langu halikuwa kutoboa. Lilikuwa kitambaa. Kile cha madhabahuni ni kirefu, cheupe, na kinakunjika vizuri ajabu.

Bibi ndiye hukifua. Nimejitolea kumsaidia. Amenishika kichwa akasema ndaga fijo, asante sana, mtoto sasa amekua.