Beji Mia Nne kwa Kiti Kimoja

Jumatatu, 7 Oktoba
Beji zimefika. Mia nne, za kijani, zenye nembo ya kiwanda chetu cha vitasa. Hii ni wiki ya mchango, nami ni mwenyekiti wa kamati kwa mwaka wa kumi na moja. Tunatafuta pauni mia tisa za kiti cha kulaza mgongo kwa nyumba ya wagonjwa wasiopona, kule kilimani. Kiti cha ndugu anayekaa kando ya kitanda. Kilichopo kimevunjika mgongo. Nakijua. Nilikilalia siku kumi na tisa, mke wangu Enid alipokuwa huko.

Miaka yote beji hupewa aliyekwisha kutoa. Mwaka huu nimegeuza: beji kwanza, bure, kwa kila mtu langoni. Mwenye beji kifuani ataona haya kulipita kopo la mchango. Glenys wa ofisi ya mishahara aliuliza kama nina hakika. Nilimjibu kwamba nimefikiri. Akasema, "Haya, mzee, wewe ndiye mwenyekiti," kwa namna nisiyoipenda.

Jumanne, 8 Oktoba
Kila kifua kina beji! Hata mbwa wa mlinzi anayo. Nimeyatikisa makopo yote sita. Kimya. Moja lina kifungo cha shati.

Jumatano, 9 Oktoba
Sababu imejulikana. Nilisimama na kopo mlangoni pa chumba cha chai. Kila aliyefika aligonga beji yake kwa kidole, akapita. Derek Sugden, fundi wa mashine za kutoboa, alisema, "Babu, huoni beji? Mimi nimeshamaliza!" Nilimwambia hajatoa hata senti. Akanionyesha tangazo ukutani: mwenye beji asiombwe tena. Chini yake, sahihi yangu. La mwaka wa kwanza wa uenyekiti wangu. Wenzake walicheka hadi chai ikamwagika. Sikucheka. Kanuni ni kanuni. Niliondoka na kopo langu.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimeamuru beji zirudishwe. Zimerudi tatu. Akina mama wa upakiaji waliniuliza, "Zawadi unainyang'anya kifuani pa mtu, mzee Cyril? Basi chukua na blauzi!" Aibu tupu.

Bwana Akroyd, mkurugenzi, aliuliza tumefika wapi. Nilijibu kwamba takwimu hazijakamilika. Akasema mchango unafungwa kesho saa kumi; usipotosha, kiti kitangoja mwaka ujao. Mwaka mzima wa watu kulalia kile chuma. Sikumaliza chakula changu.

Ijumaa, 11 Oktoba
Glenys amechukua gari la kiwanda, amekwenda kilimani, amekileta kiti chenyewe. Bila idhini ya kamati! Alikiweka katikati ya chumba cha chai. Hakushika kopo. Alimwambia kila aliyeingia, "Hebu keti hapo, baba, unywe chai yako." Basi.

Derek aliketi. Akajigeuza kulia. Akajigeuza kushoto. Akasema kiti hiki kina meno. Kisha akauliza mtu hukilalia kwa siku ngapi. Glenys alinitazama. Nikasema, kumi na tisa.

Hakuna aliyecheka. Derek aliinuka, akatia noti ya pauni ishirini koponi bila kuombwa. Akafuata mwingine. Akafuata mwingine. Kufikia saa tisa tulikuwa na kiti, na nusu ya kiti cha pili.

Glenys alinisogezea kikombe cha chai. Nilikinywa nimesimama.

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimetafakari matokeo kwa utulivu. Nimehakiki orodha. Isipokuwa wale watatu waliozirudisha, kila aliyetoa alikuwa na beji kifuani. Kwa hiyo beji zimefaulu, ila zilichelewa kidogo kufanya kazi. Zilikuwa ndogo mno. Nimeagiza elfu moja za mwakani, kila moja upana wa kisahani cha chai.

Glenys ameuliza, kwa upole, kama mwakani tukiazime tena kile kiti kibovu. Nimemjibu kwa barua, nakala kwa wajumbe wote: wazo lina nia njema, lakini halina uzoefu. Kiti hakivaliki kifuani.