Mlio wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Mpiga gitaa la solo wa bendi yetu kahamia mji mwingine. Kiti kiko wazi! Miaka kumi na moja nimepiga rithimu nyuma yake, sasa ni zamu yangu. Kiongozi wa bendi atatusikiliza Jumamosi. Wawili: mimi na shemeji. Huyu ni mdogo wake mke wangu. Kaingia bendi mwaka jana, kaingia nyumbani kwangu mwezi uliopita. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kapewa sebule.

Anafanyia mazoezi humo, kwa amplifaya ndogo kama mkate. Mlio mtamu mno, mama mkwe husinzia akitabasamu. Mimi nikigusa uzi mmoja tu, naulizwa kama nina akili timamu. Roho inaniuma.

Jumanne, 4 Machi
Amplifaya yangu haitoi mlio wa maana mpaka uifungulie hadi mwisho. Hilo halina mjadala. Kwa hiyo nimeiingiza kabatini, katikati ya makoti na mablanketi, nikafunga mlango, nikafungulia yote. Kabati likatetemeka. Hanga zikagongana, sahani za jikoni zikaitikia. Mama mkwe akatoka kuuliza nani anahamisha fanicha. Mke kanipiga marufuku kabatini. Shemeji kanisaidia kuokota nguo. Anajifanya mwema.

Jumatano, 5 Machi
Hedifoni. Nyumba kimya, masikioni mwangu mlio mnene, mwangwi wa ukumbi mzima. Saa nzima nilikuwa mfalme. Kuzivua, familia yote imesimama mlangoni. Kumbe kila noti nilikuwa naiimba kwa sauti, tena nikiikosea. Jirani alishakuja kuuliza kama tuna mgonjwa.

Shemeji hakucheka. Angecheka ningemchukia kwa raha zaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kazini. Nimeazima amplifaya yake bila kumsumbua kwa kumwambia. Nikafungulia sauti hadi kumi. Ikakoroma tu. Aliporudi nikamuuliza kijanja siri yake. Akasema weka namba tatu, iinue juu ya kiti ielekee sikio badala ya miguu, tuliza vidole, sikiliza. Basi.

Uongo mtupu. Nani humpa mshindani siri yake waziwazi hivyo?

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kaweka namba tatu. Ukumbi ukanyamaza ili umsikie. Mimi nikaweka kumi. Mpiga ngoma akaziba masikio, mwimbaji akatoka nje. Solo kapewa shemeji. Nyumbani wamempikia.

Jumapili, 9 Machi
Kiongozi kapiga simu. Kasema mikono yangu ni mizuri, kelele ndizo zinazoniponza. Nikae na shemeji wiki mbili anielekeze, kisha tutapokezana solo. Shemeji kakubali kwa furaha, kaniuliza tuanze saa ngapi.

Nimewashukuru wote wawili, nimekataa. Wananiogopa, ni wazi kabisa. Nimeazima spika mbili za harusi kwa fundi wa mitambo, zinanifika kifuani. Mke kasema huo ni wivu. Nimemjibu kwamba wivu ni wa watu wasio na kipaji, kisha nikamwomba ashike upande wa pili, maana peke yangu hazinyanyuki.