Jalidi Haijadiliwi

Sogeeni, enyi mliosimama foleni mpaka dirisha likafungwa usoni penu. Sogeeni, mliopimiwa kwa mizani yenye kidole cha muuzaji. Tueni ndoo zenu na mtege masikio, maana hapa panasimuliwa jambo kubwa, kubwa kuliko kuanguka kwa ngome na kuliko kuvuka kwa majeshi katika mito iliyofurika. Wafalme wana watu wao wa kuwaandikia. Kila mwenye farasi aliyewahi kuchoma ghala la mkulima amesimamishiwa sanamu, na njiwa huiheshimu kadiri wanavyoweza. Lakini siku mwanamke mmoja alipoingia bustanini nyuma ya jiko lake, jua likiwa limebaki kimo cha kiganja juu ya ukuta, akainua kisu cha kukatia vitunguu dhidi ya jalidi ya kwanza ya mwaka, ule umande ugandao usiku kwa baridi na kuua mimea, hakuna mpiga zumari aliyetumwa. Hakuna hata aliyeuliza. Basi na lisimuliwe hapa, kwa sauti, na asiyetaka kusikia azibe masikio yake mwenyewe.

Mtaa mzima ulimwita Dobi. Mikono yake ilikuwa imeyashinda madoa ya damu, ya dawa na ya uji, kwa kuwa alifua mashuka ya hospitali tangu ujana wake hadi mvi zake za kwanza. Siku wakubwa walipotaka kukifunga chumba cha kufulia, waliwaambia wafuaji, “Msiwe na wasiwasi, tutakaa tujadili.” Wakajadili. Wakajadili wameketi, wakajadili wakila, na walipomaliza kujadili mashine zilikuwa zimekwisha kuuzwa, na mlangoni palining'inia kufuli ambalo hakuna mfuaji aliyewahi kuliona. Hakuna aliyewajibishwa kwa jambo hilo hadi leo. Tangu hapo neno hilo likiingia nyumbani mwake, Dobi hulitazama kama anavyolitazama doa la kutu: halitoki, lakini lisiachwe likaenea.

Na kwa kuwa dunia haina huruma, mumewe alikuwa Ajenda.

Ajenda, bwana wa vikao, mfungua mijadala na asiyeifunga! Alikuwa katibu wa kamati ya kisima. Kisima kilikauka, kamati haikukauka. Alikuwa na koti la kijivu ambalo hakulivaa kanisani wala msikitini wala harusini, ila mbele ya wajumbe tu, na akilivaa hata sauti yake hubadilika ikawa ya mtu mnene. Mtu mwema, msiseme nimemsema vibaya. Hajawahi kumpiga mtu. Amewachosha tu.

Sasa mjue kilichokuwa kikipiganiwa. Msimu wa baridi uliopita, mwenye duka la mwisho wa mtaa, ambaye watu humwita Bei ya Jana kwa sababu ukimtajia bei yoyote hukujibu, “Hiyo ya jana,” alimuuzia Dobi kabichi iliyokuwa nzima kwa nje na tope kwa ndani. Dobi akairudisha. Mbele ya foleni nzima, Bei ya Jana aliinusa ile kabichi kama mtu anusaye ua, akanena, “Kama vyangu vinanuka puani mwako, mama, kalime vyako.”

“Nitalima,” alisema Dobi. “Na baridi ijayo, tangu jalidi ya kwanza mpaka ya mwisho, mkono wangu hautagusa mizani yako.”

Bei ya Jana akacheka mpaka akashika meza. “Tutaonana jalidi ikianguka,” alisema, na mtaa mzima ukaweka akiba maneno hayo, kwa kuwa mtaa husahau mema tu.

Basi Dobi akalima. Akavunja ardhi iliyokuwa ngumu kama moyo wa mwenye nyumba, akapanda nyanya, maboga, maharage, hoho, kabichi na karoti, akafunga kila mche wa nyanya kwa utepe uliochanwa kutoka shuka kuukuu. Mvua zilichelewa, nyanya zikachelewa nazo, na mwisho wa msimu ukazikuta nyingi zingali kijani, zimejaa matawini kama watu wasiojua kwamba basi la mwisho limeondoka.

Adhuhuri ya siku ile, Dobi akiwa mbali kuchukua nguo za wateja, Bibi, mama mzazi wa Ajenda, aliketi na redio mapajani. Bibi alikuwa amebakiwa na meno machache, na maneno aliyatumia kwa uchache ule ule. Redio ikasema lake. Bibi akamwita mwanawe, akatoa taarifa:

“Jalidi. Bustani. Kesho alfajiri. Mwambie mkeo.”

Lakini sikio la Ajenda lilikuwa limelelewa na mikutano. Ukitaja kikaango, lenyewe lilisikia kikao. Likasikia hivi: *Jadili. Bustani. Kesho alfajiri.* Uso wake ukang'aa. Hatimaye, katika nyumba yake mwenyewe, kikao! Akavaa koti la kijivu. Akatoa viti vyote sebuleni, akavipanga safu safu uani, akaweka mbele meza ndogo yenye glasi ya maji, na alasiri yote akatembea mbele ya viti vitupu akilijaribu koo lake.

Dobi alirudi na furushi la mashuka kichwani, akasimama.

“Kuna msiba?”

“Kuna kikao,” alinena Ajenda. “Kesho alfajiri. Mada ni bustani. Mama mwenyewe ndiye aliyeitisha, nami nimekubali uenyekiti, ingawa kwa shingo upande.”

“Mama ameitisha kikao? Mama ambaye hata salamu anaitikia nusu?”

“Alitamka wazi, mama watoto. Jadili. Bustani. Kesho alfajiri.”

Dobi alitua furushi polepole. Akatazama juu. Anga lilikuwa tupu, safi kama shuka iliyosuuzwa mara mbili; upepo ulikuwa umekoma, na baridi ilikuwa imenyamaza kama mtu anayeficha jambo. Akaenda hadi kwenye kiti cha Bibi.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba.”

“Eti kesho tunajadili bustani?”

Bibi akamtazama mkwewe. Akamtazama mwanawe, na koti lake. “Nani ajadili?” alisema. “Jalidi! Ja-li-di. Redio imesema tangu adhuhuri.” Kisha, akivunja desturi yake, akatumia maneno mengi kwa mkupuo: “Nilikunyonyesha wewe mpaka mgongo ukaniuma. Maziwa yote yalikwenda mdomoni? Masikio hayakupata hata tone?”

Ajenda alikohoa. “Basi ni dhahiri kulikuwa na upungufu katika taarifa. Napendekeza tuunde…”

“Ukiunda kitu chochote sasa hivi,” alisema Dobi kwa upole wa kutisha, “utalala na maboga. Sikiliza, mume wangu. Jalidi haijadiliwi. Ingekuwa inajadiliwa, wale wakubwa wa hospitali wangekuwa wameimaliza zamani. Vua hilo koti, shika ndoo.”

Hakulivua. Lakini ndoo aliishika, na hilo nalo liandikwe.

Ndipo Dobi, mshinda madoa, akajifunga kitambaa kichwani kama askari avaavyo chapeo, akatwaa ngao yake, beseni la bluu lenye ufa, akatwaa upanga wake, kisu cha vitunguu, akaingia. Kabichi na karoti alizipita bila kuzitupia jicho: hao ni wakongwe wa baridi, jalidi huwaongezea utamu tu. Akayaendea maharage, akayang'oa na mizizi yake, mashina mazima, akayatupa ukumbini yakaanikwe vichwa chini. Akageukia nyanya. Zilizoiva zikaingia beseni. Zilizoanza kuona haya kwa wekundu zikaingia karai. Na zile za kijani, umati ule mkubwa uliosahauliwa na msimu, akazikusanya kwenye sketi yake na kumpelekea Bibi, aliyekuwa ameketi mlangoni mwa jiko kama jemadari aliyepoteza meno katika vita vya kale. Bibi alizifunga moja moja kwa magazeti ya zamani, ili ziive polepole ndani ya sanduku. Yalikuwa magazeti yenye picha za waheshimiwa wakikata utepe, na jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu yachapwe, yalimfaa mtu.

“Kaza,” alisema Bibi kila Dobi alipokuja. Hiyo ndiyo hotuba yake yote ya vita.

“Na mimi?” aliita Ajenda, ndoo mkononi. “Nina hoja kuhusu mgawanyo wa kazi!”

“Lile boga kubwa pale uzioni ndilo mwenyekiti,” alijibu Dobi kutoka ndani ya majani. “Kaongee nalo. Na kikonyo ukiache kirefu, lisije likaoza kama chama kisicho na wanachama.”

Ajenda akaliendea. Oo, pambano! Likamtazama, akalitazama. Akakata kikonyo, akalikumbatia, akainuka nalo, na mitambazi, yale mashina ya maboga yatambaayo ardhini, ikamshika vifundo vya miguu kama wapiga kura wanaokumbuka ahadi. Akaenda chini kwa kishindo, boga kifuani.

“Nimeanguka!”

“Umeketi,” alisema Dobi. “Kuketi unakujua. Sasa jaribu kusimama.”

Akasimama. Na asiyejua maana ya neno hilo hajamwona Ajenda, tope mpaka kiunoni, akilibeba boga kupita uani na kulitua kwenye kiti cha mstari wa mbele, maana hapakuwa na pengine pakavu. Akarudi akaleta la pili, na la tatu, akayaketisha. Hata viti vyote vikajaa, akidi ikatimia, na hakuna mjumbe aliyeomba nafasi ya kusema. Wajuzi wa mambo hayo wanakiri kwamba mtaa ule haujapata kikao bora.

Jua likazama. Dobi alivuna kwa vidole, macho yakiwa hayafai tena. Mashuka yake yote, na kitambaa cha meza, na pazia la chumba cha kulala, vilikwishatandazwa juu ya yale yasiyowezekana kuvunwa, na bado mche mmoja wa hoho pale pembeni, uliojaa maua na vitoto, ulisimama uchi. Dobi akalitazama lile furushi la wateja. Mashuka meupe, mazito, ya watu wenye vitanda vikubwa kuliko shida zao. Baadhi yao alikuwa akiwafahamu tangu hospitali: walikaa upande wa pili wa meza siku ile ya kujadili. Alilitazama kwa muda ambao mwandishi huyu hataki kuupunguza.

“Ya watu ni ya watu,” alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa chungu.

Nyuma yake alisikia vifungo vikifunguliwa. Ajenda alikuwa akivua koti la kijivu. Alilikung'uta tope, akaukaribia ule mche, akaufunika, akaufunga mabega kama mzee aliyeshikwa na homa. Halafu akabaki na fulana, meno yakigongana, bila hoja yoyote.

“Utaugua,” alisema Dobi.

“Hilo,” alisema Ajenda, “tutalijadili ndani.”

Na Dobi akacheka. Hakuwa amelicheka neno hilo tangu siku ya kufuli.

Alfajiri jalidi ilikuja na majeshi yake yote. Ilikuta mistari mitupu. Iligeuza mitambazi ya maboga kuwa myeusi kama mboga iliyosahauliwa motoni, ikayavunja mashina ya nyanya, ikasimama juu ya kabichi na kushindwa kufanya lolote. Koti la kijivu lilikauka kama ubao. Chini yake hoho ilikuwa hai, tena yenye dharau. Jikoni hapakuwa na pa kukanyaga. Bibi alikuwa akimenya. Ajenda alikuwa akipiga chafya juu ya sufuria, akikoroga, na hakuna aliyemteua.

Dobi akanawa. Akavaa viatu vya kutokea, akatoka.

Mwisho wa mtaa, Bei ya Jana alikuwa amefungua mapema kuliko siku zote. Alikuwa ameipangusa mizani. Alikuwa amezipanga nyanya zake kwa mnara, mbovu ndani, nzuri nje, na watu wa bustani zilizokufa walikuwa wamekwisha kujipanga, vikapu mkononi, macho chini. Alipomwona Dobi akija, uso wake ukafunguka kama mlango wa benki kwa mtu anayeleta.

“Karibu, mama, karibu! Nilijua tu. Jalidi haina adabu, imewamaliza wote. Usione haya, hapa ni kwenu. Nikupimie?”

Foleni nzima iligeuka. Nawaambia hata mizani ilitulia.

“Hujambo?” alisema Dobi.

“Sijambo. Nikupimie?”

“Hapana. Napita tu.”

“Unapita!” Bei ya Jana alitoa kichwa nje. “Unapita kwenda wapi?”

Na hilo lilikuwa swali la haki, kwa kuwa mtaa ule huishia pale. Baada ya duka hakuna kitu ila ukuta wa ghala. Dobi alikwenda mpaka kwenye ukuta. Akasimama mbele yake, akautazama juu na chini, bila haraka, kama mtu aliyetumwa kuukagua, akauona hauna dosari. Akageuka.

“Umesahau kitu?” aliuliza Bei ya Jana, na sauti haikuwa ile ya kwanza.

“Hapana,” alisema Dobi. “Napita tena.”

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka kwa pua. Mwingine akakishusha kikapu chake chini, akaanza kuzigeuza zile nyanya za mnara moja moja, kuangalia upande wa pili.

Basi ninyi mnaoipa miaka majina ya vita, na ya wafalme waliofia vitandani mwao, futeni mstari mmoja mpate nafasi, mwandike hivi: mwaka ule, asubuhi ya jalidi ya kwanza, mfuaji aliyefungiwa mlango alipita mbele ya duka la Bei ya Jana, kwenda na kurudi, mikono mitupu, kichwa juu, na hakununua kitu.