Msumeno wa Kujaribishiwa

Octavian hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Octavian alipiga hodi, akakaribishwa, akapewa kiti.

Aliposikia sokoni kwamba Bi Eustadia, mjane aliyeishi Itetemia, anatafuta msumeno mdogo wa mashine, wa bei nafuu, wa kukatia kuni za nyumbani mara mojamoja, moyo ulimcheza. Akaazima kwa fundi Masolwa msumeno mzima, mwekundu. Akatafuta na mwingine wa rangi ileile, uliokufa injini zamani, akautia kwenye gunia. Mpango ulikuwa mwepesi: mama ajaribishiwe mzima, auziwe maiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndio huo? Mbona mdogo?"

"Mdogo ndio wako, mama. Mkubwa ni wa wapasua mbao, utakuvunja mgongo, na petroli unakunywa kama mlevi. Huu mwepesi kama kuku."

"Haya, kata tuone."

Uani ulilala mkaratusi mzima ulioangushwa na upepo. Octavian akavuta kamba, msumeno ukanguruma, tawi likadondoka.

"Hilo jembamba," mama akasema. "Lile nene je?"

Akakata.

"Na hapo penye fundo?"

Akakata.

"Ila kuni ndefu haziingii kwenye jiko langu."

Akarudia zote, akizigawa katikati. Vumbi la mti likamgeuza mtu wa mashine ya kusaga. Petroli ilipoisha akaenda mwenyewe kununua nyingine, maana mfanyabiashara makini hamkatishi mteja tamaa.

Jioni mkaratusi haukuwepo. Kuni zilikuwa zimepangwa hadi dirishani.

"Sasa mama," akasema akihema, mkono ukinyemelea gunia, "nikufungie?"

"Msumeno mzuri sana, mwanangu, Mungu akubariki. Ila kuni za mwaka mzima ndizo hizo. Nikiununua nikate nini? Meza?"

Octavian akalitupia gunia begani. Bi Eustadia akamtilia matobolwa mfukoni, viazi vikavu vya kutafuna njiani.

Hajafika mbali, sauti ikamfuata kutoka ua wa jirani.

"Bwana wa msumeno! Na mimi nataka kununua! Njoo unijaribishie, nina magogo huku!"

Octavian hakugeuka. Alikaza mwendo, msumeno kila bega, akajijaza matobolwa mdomoni asije akaitika kwa mazoea, "Nakuja, mama!"